Tupeane uzoefu: umetazama nini karibuni, na ulitazamaje?

Kiti cha Nyuma

Wadau, habari za saa hizi. Tupeane uzoefu wa filamu na tamthilia tulizotazama karibuni. Sharti langu ni dogo: usiniambie tu "kali sana" au "mbovu, usipoteze bando". Niambie ulikaa na nani, wapi palikushika, wapi ulianza kuitafuta simu. Watu wawili hutazama kitu kimoja wakatoka na habari mbili tofauti, na wote wakawa wakweli. Hizo habari mbili ndizo ninazozitaka.

Naanza mwenyewe. Nimemaliza Adolescence, ile tamthilia ya Uingereza ya 2025. Ina sehemu nne tu. Polisi wanavunja mlango asubuhi na mapema na kumkamata mtoto wa miaka 13 kwa tuhuma za kumuua msichana wa shuleni kwao. Sifa inayotajwa kila mahali ni kwamba kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja, kamera haikatwi mwanzo hadi mwisho. Ni kweli: waliigiza kila sehemu nzima, wakairudia tena na tena, kisha wakachagua mkupuo uliowaridhisha. Mwishoni mwa sehemu ya pili kamera inafungwa kwenye droni huku ikiendelea kurekodi, inapaa juu ya nyumba za watu, halafu inashuka taratibu hadi usoni kwa baba wa mtoto.

Lakini mambo ya kamera niliyasahau upesi. Kilichonibana ni sehemu ya tatu: chumba kimoja, meza, mtoto na mwanasaikolojia aliyekuja kuzungumza naye. Hakuna kingine. Owen Cooper, aliyemwigiza huyo mtoto, hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza ya uigizaji, na mwaka huohuo akapata tuzo ya Emmy akiwa na miaka 15. Mtazame anavyobadilika. Sasa hivi anatania, mara amesimama anafoka, mara anataka kujua kama huyu mama mwanasaikolojia anampenda. Yule mama akiachwa peke yake chumbani, na mimi nilishusha pumzi pamoja naye.

Sehemu ya pili, ya shuleni, kwangu ilipwaya. Kelele nyingi, walimu wote wamechoka kwa namna moja. Haya, nanyi leteni.

Baba wa Mmoja

Hapo kwenye sehemu ya pili tutagombana, ndugu yangu. Mimi niliitazama na mwanangu, umri wake ni uleule wa yule mtoto, na sehemu hiyohiyo ndiyo iliyotufanya tuzungumze.

Kumbuka yule mpelelezi anazunguka shule nzima akiuliza maswali ya kipolisi na haambulii kitu, mpaka mwanawe mwenyewe, anayesoma palepale, anamvuta pembeni. Anamwambia kwamba zile emoji walizokuwa wakiandikiana wale watoto yeye anazisoma kinyume. Mioyo ya rangi hii ina maana hii, ya rangi ile ina nyingine. Nikasimamisha nikamuuliza wangu, "Ni kweli haya?" Akanijibu, "Baba, endelea tu, nitakueleza baadaye." Hiyo baadaye ilikuja usiku sana, wenzetu wameshalala. Na wala hakunieleza habari za tamthilia. Alinieleza yanayoandikwa kwenye kundi la darasa lao. Nilikaa kimya nikasikiliza, maana nilijua nikifungua mdomo kutoa nasaha atakunja jamvi.

Sehemu ya nne niliitazama peke yangu. Wazazi wanajiuliza walikosea wapi wakati mtoto alikuwa chumbani kwake, mlango umefungwa, nao wakiamini yuko mahali salama. Sikutaka anione nikiitazama hiyo.

Sina Subira

Mimi fupi. Squid Game sizoni ya tatu, ile tamthilia ya Korea ya watu wenye madeni wanaocheza michezo ya kitoto na anayeshindwa anauawa. Ya kwanza, ile ya 2021, sehemu zote tisa nilizikesha. Ya pili wakatuachia njiani Desemba 2024, tukangoja hadi Juni 2025, halafu malipo yake ni nini? Namba 456, Gi-hun, steringi mwenyewe, anakufa! Tumekulia kwenye sheria kwamba steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi ya bega, anaweza kuanguka ghorofani, lakini mwisho lazima tumwone anaondoka.

Karani

Sina Subira, Mungu anakuona. Nilikuwa nimebakiza sehemu mbili.

Sina Subira

Imetoka tangu Juni 2025, mkuu. Ulikuwa wapi?

Karani

Nilikuwepo. Kuna watu tunatazama sehemu moja kwa wiki, kwa kupenda kwetu, kama zamani tamthilia ilivyokuwa na siku yake na saa yake. Kati ya sehemu moja na nyingine napata muda wa kumfikiria mtu. Wewe ukikesha unachokumbuka asubuhi ni nani kafa.

Sasa kwa kuwa umeshamwaga yote, niseme yangu. Hoja yako ya steringi siikubali. Mwisho wa sizoni ya kwanza ulitosha kabisa. Mtu ameshinda won bilioni 45.6, pesa ziko benki, naye anaishi kwa kukopa kwa sababu kila noti ina maiti nyuma yake. Hwang Dong-hyuk, mtunzi na mwongozaji wake, alizunguka na wazo hilo takriban miaka kumi bila kupata wa kulitoa, na inaonekana: kila mchezo umepimwa, kila mchezaji ana sababu yake ya kuwa pale. Zilizofuata zilitengenezwa kwa kuwa ya kwanza ililipa. Gi-hun anarudi uwanjani akiwa na jambo moja tu la kusema, analirudia sizoni mbili. Hadi wanamuua nilikuwa nimeshaacha kumhurumia. Hilo ndilo kosa lao. Kufa kwake kungeweza kuwa kuzuri tu.

Kiti cha Nyuma

Jamani, anayetaja mwisho wa kitu aandike TAHADHARI juu kabisa. Karani, pole.

Nesi wa Zamu ya Usiku

TAHADHARI, ingawa hii inatokana na tukio ambalo dunia nzima inalijua.

Nimeirudia Chernobyl, ya 2019, sehemu tano, kuhusu ule mlipuko wa kinu cha nyuklia. Mara ya kwanza niliitazama kwa ajili ya hofu. Safari hii niliitazama kama mtu wa wodini, na nimegawanyika.

Kwanza sifa. Mitambo inalipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, na wakubwa wanaletewa kipimo cha mionzi: 3.6. Wanatulia. Hiyo 3.6 ndiyo ilikuwa namba ya mwisho kabisa ambayo kile kipimo kinaweza kuonyesha! Kiwango chenyewe kilikuwa juu mno kuliko hapo. Yeyote aliyewahi kukabidhi zamu anaijua hali ile: namba ipo kwenye karatasi, bosi ameridhika nayo, na mgonjwa aliye kitandani anaonyesha kitu kingine. Sikumbuki tamthilia nyingine iliyonasa hilo vizuri hivyo. Na muziki wake, kama muziki ndilo jina lake. Hildur Guðnadóttir alikwenda na vifaa vya kurekodia ndani ya kinu cha nyuklia kilichofungwa huko Lithuania, akachukua sauti za milango, pampu na kuta, akatengenezea hizo. Ndiyo maana masikio hayatulii hata pale ambapo hakuna kinachotokea.

Sasa lawama. Mke mjamzito wa yule zimamoto anamshika mumewe hospitalini, na tamthilia inatufanya tuamini kwamba mgonjwa mwenyewe anawamwagia mionzi walio karibu, hata mtoto tumboni akaimeza yote badala ya mama. Madaktari walilipinga hilo, nami niko upande wao. Mtu aliyepigwa na mionzi kutoka nje akishavuliwa nguo na kuoshwa vizuri, si hatari kwa anayemuuguza kwa namna ile. Mapazia ya plastiki kazi yake kubwa ni kumlinda yeye, maana kinga ya mwili wake imeanguka na kidudu kidogo tu kinamwondoa. Kugeuza huruma ya mke kuwa kosa lililomuua mtoto wake, hapo waliniudhi.

Kuhusu yule mwanasayansi wa kike, Khomyuk, wao wenyewe wanasema mwishoni kwamba ni wa kubuni, amewekwa kuwakilisha wanasayansi wengi waliosaidia. Hilo sina neno nalo, wamesema wazi.

Sina Subira

Nesi, umenifanya nitake kuirudia. Ila kwa kasi ya 1.5.

Mkesha

Mimi pia ni wa 1.5, tena sina aibu. Oppenheimer, filamu ya yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, ni saa tatu kamili, watu wamevaa suti wanabishana. Nilitia kasi na sikukosa kitu. Mazungumzo yote niliyasikia, niliambulia hata kwamba sehemu za rangi zinamfuata Oppenheimer na zile za nyeusi na nyeupe zinamfuata hasimu wake Strauss, jambo ambalo rafiki zangu waliokaa saa tatu nzima hawakuling'amua. Kuna filamu zinataka utulivu na kuna zinazotaka ufuate hoja. Hii ni ya hoja.

Bundi Mzee

Mkesha mwanangu, hebu nikuulize. Pale jangwani, jaribio la bomu la Julai 1945, mwanga unapotokea, ulisikia nini?

Mkesha

Kimya, mzee. Halafu mlipuko.

Bundi Mzee

Kimya hicho kina urefu wake. Mwanga unafika kabla ya sauti kwa kuwa walikuwa wamesimama mbali, na mwongozaji amekuacha nao hapo, unasikia pumzi tu, unaanza kudhani sauti haiji tena. Ukitia kasi umempunguzia theluthi ya ule muda aliokupimia. Hoja umeipata, sikatai. Ule woga ndio sidhani kama ulikufikia.

Mimi ni mtu wa filamu kuukuu. Juzi vijana wa nyumbani walikosa la kutazama, wakanipa remoti kwa kejeli, nikawawekea 12 Angry Men ya 1957. Nyeusi na nyeupe, wazee wa baraza kumi na wawili na meza yao, wanaamua kesi ya mauaji. Walianza kuguna. Kura ya kwanza, kumi na mmoja wanasema kijana ana hatia, auawe waende zao, mmoja tu anasema tuzungumze kwanza. Ilipofika kile kisu kinachochomwa mezani, simu zilikuwa zimewekwa chini. Mjukuu wangu wa kike akauliza, "Babu, mbona kama chumba kinapungua?" Alikuwa ameona sawasawa! Mwongozaji, Sidney Lumet, alianza na kamera iliyo juu ya macho ya watu, akaishusha kidogo kidogo, na lenzi nazo akazibadilisha zikawa ndefu zaidi, mpaka kuta zinasogea na mwishoni dari linaonekana. Jasho linawatoka, feni haifanyi kazi. Ilikuwa filamu yake ya kwanza ya sinema, na haikuuza vizuri ilipotoka.

Dakika 96 tu. Hata mwenye kasi ya 1.5 anaweza kuvumilia.

Sina Subira

Mzee umenichapa kwa adabu. Nimekubali kuijaribu kwa kasi yake.

Dada Mkubwa

Shikamoo Bundi Mzee. Nami nina la nyumbani. Mama yangu macho yamepungua, maandishi ya chini hayafuati tena. Parasite, ile filamu ya Korea, tulijaribu, kila baada ya muda ananiuliza "Amesemaje?", nami nikimsomea linapita jingine. Tuliiacha kabla hata ya ile mvua. Filamu si mbaya, ilibeba Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo, lakini kwa mama ilikuwa picha za watu wanaopanda na kushuka ngazi. Na ile iliyowekewa sauti za watu wengine aliikataa mwenyewe: "Mdomo wake haujafunga na mwingine keshaanza."

Tukahamia Supa Modo, filamu ya Kenya ya mwongozaji Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin 2018. Inahusu Jo, binti mdogo anayeumwa ugonjwa usiopona na anayeota kuwa shujaa wa kuruka angani. Mama yake anataka apumzike kitandani. Dada yake anataka aishi zilizobaki kwa furaha, basi kijiji kizima kinashirikishwa kumtengenezea filamu yake. Kiswahili kimejaa humo, mama akacheka kabla yangu, maana mimi nilikuwa bado natafuta maandishi kwa mazoea.

Tulipomaliza tukabishana. Mimi niko na dada wa Jo. Mama yuko na mama wa Jo, na hasogei. Anasema wote wanaomlaumu yule mwanamke hawajawahi kukaa macho wakihesabu pumzi za mtoto. Sikuwa na jibu. Halafu akaniambia niirudishe pale watoto wanapoigiza mapigano.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Dada, mwambie mama yako mimi niko upande wake. Nusu. Wodini nimeona wote wawili, anayefunga pazia na anayeleta puto, na mara nyingi wanagombania mtoto mmoja ambaye hajaulizwa. Nitaitafuta wiki hii.

Baba wa Mmoja

Dada Mkubwa, hiyo inafaa kutazama na kijana wa miaka 13 anayejifanya halii?

Dada Mkubwa

Inafaa, kaka. Ila kaa upande wake, msitazamane, na usisimamishe kumuuliza kitu.