Mjadala: Tembo wa vita na vifaru vya Tiger vipunguzwe nguvu, vipandishwe bei au viwekewe kikomo?

Mleta mada:
Wakuu, kwenye magemu ya vita vya kihistoria kuna ugomvi usiokwisha: kikosi adimu chenye nguvu za kutisha, kama tembo wa vita au Tiger, kile kifaru kizito cha jeshi la Ujerumani cha Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kidhibitiwe vipi? Wapo wanaotaka kipunguzwe makali, wapo wanaotaka bei ipandishwe, na wapo wanaotaka kila mchezaji apangiwe idadi asiyoruhusiwa kuivuka. Mimi nazipinga zote tatu. Nguvu za kikosi ziachwe zilivyokuwa, ila kirudishiwe na matatizo yake.

Chukueni tembo. Pale Zama, Afrika Kaskazini, mwaka 202 KK, mwanahistoria Polybius anasema Hannibal, jemadari wa Karthago, alikuwa nao zaidi ya 80. Scipio, jemadari wa Warumi, hakuwa na silaha yoyote ya ajabu. Aliacha vichochoro kati ya vikosi vyake, akaviziba kwa askari wepesi ambao wangeweza kupisha, na tarumbeta zikapigwa. Tembo wengine wakashtuka, wakageuka na kuwavamia wapanda farasi wa Numidia waliokuwa upande wa Hannibal mwenyewe. Miaka mitano kabla ya hapo, kwenye mto Metaurus huko Italia, mwanahistoria wa Kirumi Livy anaeleza kuwa waongoza tembo walibeba patasi na nyundo. Mnyama akianza kuwakanyaga wenzake, patasi inawekwa katikati ya masikio, pale shingo inapoungana na kichwa, kisha inagongwa kwa nguvu zote. Anasema siku ile tembo wengi waliuawa na waongozaji wao kuliko waliouawa na adui.

Gemu ya Rome: Total War ya 2004 ililielewa hili. Tembo wakichachamaa hawasikii amri, na unayo amri ya kuwaua. Mpaka leo sijaona dawa bora kuliko hiyo.

Mchangiaji:
Mkuu, naomba kutofautiana nawe. Ukicheza kampeni peke yako, yaani vita virefu vya kuteka ramani, sawa. Lakini kwenye mechi ya watu wawili, nimepanga jeshi langu vizuri, halafu mshindi anaamuliwa na kompyuta inayopiga kura ya bahati nasibu kuona kama tembo wangu watapagawa au la! Kikomo kinaboa, nakubali, lakini angalau kinaeleweka. Najua mpinzani hawezi kunitokea na zaidi ya vikosi viwili, najipanga.

Mleta mada:
Kwani Zama ilikuwa kura? Tembo wapagawe kwa jambo ambalo mpinzani amelifanya: mikuki ya kurusha, moto, kelele, mwongozaji kuuawa. Kwenye gemu ya Age of Empires II mtawa asiyeweza kumpiga mtu hata kofi anamgeuza tembo wa Waajemi akawa wa upande wa pili. Mwenye tembo anajua hatari hiyo tangu anapomnunua, kwa hiyo anamlinda. Huo ndio mchezo wenyewe. Bei haifanyi kazi hiyo. Mwanzoni mwa kampeni inauma kweli, ukishateka nusu ya ramani hata huitazami.

Mchangiaji mwingine:
Hoja ya tembo nimeielewa, maana tembo huharibikiwa katikati ya pambano. Tuje kwenye Tiger. Tiger I zilitengenezwa takriban 1,350 tu, wakati Sherman, vifaru vya Wamarekani, zilikaribia 50,000. Chuma cha zaidi ya tani 50: madaraja mengi hayakibebi, na kikikwama unahitaji magari kadhaa ya kukikokota. Nyingi zililipuliwa na askari wake wenyewe kwa kukosa mafuta au kuharibika njiani. Sasa hayo yote yalitokea KABLA ya mapigano. Gemu inakukabidhi Tiger iliyojaa mafuta, gia nzima, adui yuko mbele ya pua yako. Matatizo utayaweka wapi kwenye pambano la nusu saa? Mkuu, bei kubwa na kikomo ndiyo hayo matatizo, yamegeuzwa namba tu.

Mleta mada:
Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote humu. Lakini namba isiyobadilika haimfundishi mchezaji kuogopa kupoteza. Kikomo cha Tiger mbili kinamaanisha kila pambano nina Tiger mbili, hata kama jana nilizichoma zote kwa uzembe. Afadhali mtindo wa Medieval II: Total War ya 2006, ambapo mji una akiba ya askari wa kuajiri inayojaa polepole. Ukiwamaliza wale wazuri, unasubiri zamu kadhaa ndipo wapatikane wengine. Kwa mapambano ya mara moja, gemu ingeweza kufanya hivi: unaagiza Tiger nne, zinafika tatu, na nyote wawili mnaambiwa kabla ya kupanga majeshi. Hapo kura imepigwa mapema na kila mtu ana nafasi ya kubadili mpango.

Mchangiaji:
Nilipie nne nipewe tatu? Mkuu, wachezaji watachoma moto ofisi za watengenezaji.

Mleta mada:
Basi ulipie tatu, ya nne ikifika iwe ya bure. Hesabu ni ileile, makelele yanapungua. Nani mwingine ana hoja?