Mama mkwe kakubali kubaki na watoto, nina laki tisa, mke ni mtu wa Tanga: twende wapi?

Baba Wawili (mleta mada)

Wakuu shikamooni, rika langu habari za jioni.

Mama mkwe amekubali kukaa na wajukuu kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu jioni, mwishoni mwa mwezi wa nane. Mlio kwenye ndoa mnajua uzito wa neno "amekubali". Tangu tupate mtoto wa kwanza, mimi na mama watoto hatujalala mahali ambapo hakuna mtu anayeamka saa tisa usiku kudai maji. Bajeti ni laki tisa, humo humo nauli, malazi, kula na kutembea. Tunaishi Tabata. Gari ninalo, IST, zima kabisa, ila si la kupelekwa kwenye mashimo.

Tatizo ni hili. Kila ninayemuuliza ananijibu Zanzibar. Mwenzangu kazaliwa Tanga mjini, kakulia Raskazone, bahari kwake si kitu cha kulipia kiingilio. Nikamtajia Lushoto, akacheka: "Tutafikia kwa nani?" Ana shangazi Lushoto na mjomba Soni. Mimi natokea Tabora, bahari bado inanishangaza, lakini safari hii nataka iwe ya kwake. Ni muuguzi, yuko zamu za usiku mwezi mzima, amechoka kwelikweli. Nipeni mawazo. Wenye kejeli mtanisamehe.

Chumvi ya Bahari

Mkuu, Raskazone na Nungwi ni bahari mbili tofauti, usimsikilize shemeji kwa hilo. Ila uchague upande. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, maji yanapwa kidogo tu, mnaoga saa yoyote. Paje na Jambiani maji yakitoka mnayafuata kwa miguu hadi mchoke, mtabaki mnaangalia akina mama wa mwani. Pazuri kwa picha, lakini kama umelipia kuogelea utanuna.

Mwezi wa nane ni msimu wa wageni, bei ziko juu. Ukipiga simu hotelini anza kwa kusema wewe ni Mtanzania, uliza bei ya wenyeji, nyingi zinayo ila hawaisemi mpaka uulize. Bebeni vitambulisho. Na cheti cha ndoa kipige picha kwenye simu. Kuna gesti moja mjini Unguja walitukalisha mapokezi mimi na mke wangu wa miaka kumi kama tumetoroka kwa wazazi.

Dereva wa Chalinze

Mimi nahesabu saa kwanza. Ijumaa mnaamka, foleni ya bandarini, boti karibu saa mbili, halafu gari hadi Nungwi saa moja na zaidi. Kurudi hivyo hivyo. Na mwezi wa nane kusi bado inavuma, mkondo wa Zanzibar unatikisa. Muuguzi ametoka zamu ya usiku unampandisha boti akatapike?

Binti Msambaa

Nizungumzie kwetu. Mwezi wa nane Lushoto ni baridi ya sweta na blanketi mbili, asubuhi ukungu umelala barabarani. Ukiwa Irente, pale kwenye ukingo, unaiona Mazinde na nyika yote ya Wamasai chini ya miguu yako. Shamba la Irente wanatengeneza jibini, jamu na mkate wa rai, unakula chini ya miti. Msitu wa Magamba ni wa kutembea taratibu na mwongoza njia. Kwa mtu aliyechoka sijui dawa nyingine.

LAKINI shemeji yetu amecheka kwa sababu. Kutoka Mombo kupanda juu ni kilomita 33 na barabara inapita Soni katikati. Mjomba yuko Soni! Hata ukifunga vioo, taarifa itafika Lushoto kabla yako. Sasa shangazi asikie mmelala hotelini na yeye ana nyumba? Hiyo kesi mtaikuta kwenye kila harusi na kila msiba. Na mkifikia kwake, mke wako ataamka alfajiri kusaidia jikoni, maana ndiye mtoto wa nyumbani. Lushoto nendeni Desemba na watoto, mkasalimie. Hii wikiendi msiiguse.

Mkurya Mpole

Mama mkwe kabeba watoto wote, unatafuta wapi pa kwenda? Fungeni mlango mlale. Laki tisa tununulie wadau soda.

Baba Wawili (mleta mada)

@Mkurya Mpole akibaki nyumbani ataanza kufua mapazia, namjua.
@Binti Msambaa umemaliza kabisa. Nimemsomea, amesema umtajie jina la ukoo wako, lazima mnajuana.

Mama Ntilie Mstaafu

Baba, mbona mnapanga wanaume kwa wanaume kama mnanunua ng'ombe? Yeye mwenyewe amesema anataka nini? Najua unataka kumshtukiza. Mshtukizo ni raha yako wewe unayeshtukiza. Mwanamke anayesafiri anahitaji kujua anafunga nguo gani, nywele anasuka au anaachia, na siku zake zinaangukia lini. Muulize maswali mawili tu: unataka kuona vitu au unataka kupumzika? Na kitu gani hutaki kukifanya kabisa?

Baba Wawili (mleta mada)

Nimeuliza. Nanukuu: "Nataka mahali penye hewa, nisikie ndege badala ya bodaboda, nisipike, nisiamshwe. Na umri wote huu sijawahi kuona tembo kwa macho." Hilo la tembo sikulitegemea.

Mwana Uluguru

Basi umejibiwa, ni Morogoro mjini na hifadhi ya Mikumi. Nisikilize kwa makini, mimi ni mwenyeji.

IST iache Tabata. Pandeni treni ya umeme ya SGR, daraja la kawaida Dar hadi Morogoro ni 13,000, wawili kwenda na kurudi 52,000. Chini ya saa mbili mmefika, hakuna Kibaha, hakuna malori ya Chalinze, na mwenzako anaweza kulala njia nzima. Stesheni iko nje kidogo ya mji, bajaji na teksi zinasubiri. Tafuteni nyumba ya wageni upande wa milimani, si karibu na Msamvu, kule ni honi za mabasi tangu alfajiri. Ukiwa upande wa mlima, Uluguru iko dirishani na usiku panapoa. Akijisikia, kuna njia ya kupanda hadi Morningside, kwenye jengo la kale la Wajerumani, mnapita mashamba ya mboga na vijito. Asipojisikia, alale.

Kutoka Moro mjini hadi geti la Mikumi ni kama kilomita mia moja ya lami. Mwezi wa nane ni kiangazi, nyasi zimekauka na kulala, wanyama wanasogelea maji, kwa hiyo tembo kwenye tambarare ya Mkata ni jambo la kawaida. Kiboko wapo bwawani karibu na geti. Kodini gari la juu lenye paa la kufunguka, na dereva anayeijua hifadhi, huyo ndiye atakayekula sehemu kubwa ya bajeti yako na inastahili. Watanzania tunalipa kiingilio kwa shilingi, nafuu mno ukilinganisha na wageni, ila getini hawapokei pesa taslimu, ni kadi au namba ya malipo. Kitambulisho cha NIDA usisahau.

Dereva wa Chalinze

Namuunga mkono Mwana Uluguru, naongeza moja. Mkilala Mikumi msilale kando ya barabara kuu. Hiyo ndiyo njia ya Tunduma, malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku kucha, yule dada hatalala. Uliza kabla ya kulipa: chumba kiko umbali gani na lami? Na dereva wenu aheshimu vibao ndani ya hifadhi. Barabara inakata mbugani kwa kilomita kama hamsini, ukigonga mnyama faini yake inategemea mnyama gani, na hutaipenda.

Mpanda Milima

Mkifika Mikumi mbona msiendelee Udzungwa? Maporomoko ya Sanje yana mita 170, mnaoga chini yake.

Mama Ntilie Mstaafu

@Mpanda Milima mgonjwa kasema asiamshwe, wewe unampandisha mlima. Siku nyingine.

Chumvi ya Bahari

Nimeshindwa kwa tembo, nakubali. Ila kama safari ingekuwa ya usiku mmoja ningesema Bagamoyo, kilomita sabini tu, magofu ya Kaole, ngalawa, samaki wa kupaka. Weka akiba.

Baba Wawili (mleta mada)

Tumeamua Moro na Mikumi. Yeye zamu yake inaisha Ijumaa saa mbili asubuhi. Swali la mwisho: tuanze Mikumi ili tumalizie kwa kupumzika, au tupumzike kwanza?

Mwana Uluguru

Mtu aliyekesha usimpeleke kwa tembo siku hiyo hiyo, atasinzia garini. Ijumaa treni ya mchana, mfike, ale, alale hadi Jumamosi saa atakayoamka mwenyewe. Jumamosi alasiri mwelekee Mikumi mkalale. Jumapili muwe getini saa kumi na mbili asubuhi linapofunguliwa, kabla jua halijawa kali wanyama hawajaingia vichakani. Zungukeni hadi saa tano sita, mle, mrudi Moro jioni. Usiku wa tatu mlale pale pale mlipoanzia, mizigo mingine mnaiacha huko.

Jumatatu treni ya mchana, tiketi ya kurudi ikate leo pamoja na ya kwenda, usisubiri. Kabla ya kwenda stesheni pitieni soko la Chifu Kingalu. Machungwa ya Matombo yanakuwa yameiva wakati huo, mjazieni mama mkwe kapu moja. Utamhitaji tena Desemba.

Baba Wawili (mleta mada)

Tiketi nimekata sasa hivi, zote nne. Mwana Uluguru, nitumie ujumbe wa faragha namba ya dereva unayemwamini.