Mrejesho: Mombo hadi Lushoto kwa IST

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya cc 1298 inaweza kupanda milima ya Usambara, mkoani Tanga, ikiwa na watu wanne. Nimerudi salama, asanteni.

Kupanda hakukunisumbua hata kidogo. Ni lami mwanzo mwisho, kama kilomita 33 kutoka Mombo, ila nyembamba: mkono mmoja ukuta wa mwamba, mwingine bonde, na kona zimefuatana mpaka bibi yangu akaanza kuhesabu kwa sauti. Aliyenishauri nipige honi kabla ya kila kona, Mungu ambariki. Kwenye kona moja kabla ya mji wa Soni nilikutana na basi dogo la Coaster liko katikati kabisa, na dereva wala hakushtuka. Mwenyeji huyo.

Kazi ilikuwa kushuka. Nilijisahau, nikaacha gia kwenye D, ile ya mwendo wa kawaida, na mguu juu ya breki. Kabla ya kufika Mombo harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikaegesha sehemu pana, tukakaa nusu saa hivi tukila plamsi za Soni, kisha nikaendelea taratibu kwa L, gia nzito inayofanya injini izuie gari badala ya breki. Fundi baadaye alinionyesha pedi za breki za mbele: zimekwisha.

Kuhusu ukungu mlionitisha nao, tuliukuta Lushoto kwenyewe asubuhi, barabarani hakuna. Masweta lakini bebeni. Sisi tulinunua mtumba sokoni, bibi akakataa kulivua lake hadi njia panda ya Segera.