Je, askari wa usalama barabarani huzuia vifo kweli?

Swali
Ndugu wanajamvi, dereva akimwona askari mwenye tochi ya kupimia mwendo hupunguza kasi, na akishampita hukanyaga mafuta tena, huku wanaokutana naye wakimwashia taa kumtahadharisha. Ikiwa mambo ndiyo haya, askari huyo anazuia kifo gani?

Jibu la kwanza
Unayoyaeleza ni kweli, lakini yanamhusu askari anayesimama palepale kila siku. Dereva haogopi ukubwa wa faini kama anavyoogopa uhakika wa kukamatwa. Jimbo la New South Wales, Australia, lilipoanza mwezi Desemba 1982 kusimamisha madereva bila kuchagua na kuwapima ulevi, vifo vilishuka kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kubashiri angesimamishwa wapi wala saa ngapi. Tena, hata huko kupunguza mwendo kwa muda usikudharau: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali za kuua hupanda kwa takriban asilimia 4.

Jibu la pili
Naafiki, ila umeruka rushwa. Askari akipokea kitu kidogo na kuliachia basi lenye tairi vipara, uhakika huo unaousifu umekwisha, maana dereva amejua bei ya kupita. Kamera husaidia kwenye mwendo, lakini haimvui mlevi usukani.

Jibu la tatu
Mnazungumzia kukamata tu, ilhali kazi ambayo mimi naiona muhimu zaidi (na haina sifa, ndiyo maana hupuuzwa) ni ile ya baada ya ajali. Askari anayepima alama za breki, akaandika mahali penyewe, saa, hali ya mwanga na kama marehemu alikuwa amefunga mkanda, ndiye anayempa mhandisi sababu ya kuweka tuta au kivuko cha waenda kwa miguu. Ripoti ikiishia kwenye maneno "mwendo kasi" pekee, kona ileile itaua tena mwaka ujao.

Muulizaji
Nashukuru. Nikiri kwamba sikuwahi kuifikiria ripoti kuwa kinga. Hata hivyo, hoja ya jibu la kwanza inaniachia jambo moja: vizuizi nivionavyo huondolewa jua likizama, wakati walevi ndio kwanza wanashika usukani. Ratiba hiyo hupangwa kwa kufuata nini?