Viwanda vya magari vya Ulaya vinalia wateja wamekimbia. Wenye watoto walifukuzwa na nani?

Wakuu, nimechoka kusoma kila wiki mabosi wa viwanda vya magari vya huku Ulaya wakilalama kwamba Mchina anawamaliza. Naam, hali ni mbaya. Desemba 2024 Volkswagen walikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani hadi 2030. Mwezi huohuo, tarehe 1, Carlos Tavares, bosi mkuu wa Stellantis (kampuni mama ya Peugeot, Citroën, Opel, Vauxhall na Fiat), akaachia ngazi. Februari 2025 Audi wakafunga kiwanda cha Brussels, Machi Vauxhall wakafunga kiwanda cha Luton, Uingereza. Inauma, maana kila geti linalofungwa lina watu nyuma yake wenye kodi ya nyumba na ada za watoto. Lakini msituambie lawama zote ni za China. Sisi tunaoyapenda haya magari tumeona kwa macho yetu jinsi mwenye watoto watatu alivyosukumwa nje ya shoorum.

Angalieni yaliyouawa. Opel Zafira, 2019. Seat Alhambra, 2020. VW Sharan, Renault Grand Scénic na Citroën Grand C4 SpaceTourer, zote 2022. Ford S-Max na Galaxy, Aprili 2023. Jina la Scénic wamelirudisha, sasa ni gari la umeme la viti vitano. Badala yake tumejaziwa SUV: nje limetuna, ndani limebana, na bei juu. Fiat walipotoa Multipla mwaka 1998 waliweka viti sita, vitatu mbele na vitatu nyuma, katika gari lisilofika hata mita 4. Watu waliicheka sura, lakini aliyechora gari lile alikuwa amewafikiria watoto. Leo unauziwa SUV ya mita 4.5 ambayo haiingizi viti vitatu vya watoto kwa mstari mmoja.

Hapa nieleze kwa vipimo, maana wauzaji wanapenda kusema "nyuma wanakaa watatu bila shida". Kiti cha mtoto cha daraja la i-Size (kanuni ya Ulaya ya viti vya usalama vya watoto) kinaruhusiwa kuwa na upana wa hadi sm 44. Vitatu ni sm 132. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiti cha nyuma mlango hadi mlango, mara mbili: pale mtoto anapokalia, na pale viwiko vinapofika, kwa sababu sehemu ya kuegemeza mkono mlangoni ndiyo inayokula nafasi. Kisha angalia kiti cha kati. Magari mengi yana Isofix (vishikio vya chuma vya kunasia kiti cha mtoto) pembeni tu, kwa hiyo wa katikati anafungwa kwa mkanda wa gari, na kifungio cha mkanda huo kinakuwa kimefukiwa chini ya kiti cha jirani. Ukilazimisha, kifungio kinalala upande na kiti cha mtoto kinacheza. Kiti kinachocheza hakimlindi mtoto siku ya ajali. Huko Ujerumani mtoto lazima akae kwenye kiti chake hadi atimize miaka 12 au afike sm 150, Uingereza ni miaka 12 au sm 135. Hilo si jambo la mwaka mmoja, ni muongo mzima wa maisha ya familia.

Yanayomaliza tatizo ni yale yenye viti vitatu vinavyojitegemea safu ya pili, kila kimoja na Isofix yake: Peugeot 5008, Citroën C4 Grand Picasso, VW Touran ya kuanzia 2015. Na hapo ndipo hasira yangu hasa inapoanzia, kwa sababu mawili kati ya hayo yalipewa injini ambayo maisha ya familia yenyewe yanaiua.

Nazungumzia PureTech 1.2 ya silinda tatu. Peugeot, Citroën, DS na Opel wameiweka karibu kila gari la nyumbani: 208, 308, 2008, 3008, 5008, C3, Berlingo, Corsa, Crossland, Grandland. Ilitwaa tuzo ya injini bora ya mwaka katika daraja lake mara nne mfululizo, 2015 hadi 2018. Taimingi belti yake, yaani mkanda unaoendesha valvu ziende sawa na krenki, ni ya mpira na inazunguka ndani ya oili. Kwenye karatasi ni wazo zuri: msuguano mdogo, kelele kidogo, mafuta kidogo. Mtaani mambo ni haya. Injini ya turbo inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ikiwa bado baridi, hupitisha petroli kiasi kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Ukisafiri mbali, oili inapata moto na petroli inavukizwa. Ukienda kilomita tatu kumshusha mtoto chekechea, kilomita mbili dukani, ukarudi na kuzima, petroli inabaki humo siku baada ya siku. Petroli inakula mpira. Belti inavimba kama andazi lililosahaulika kwenye chai, inapasuka mgongoni, inamwaga vipande. Vipande vinashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Presha ya oili inaanguka, turbo na bearing za krenki zinakaukiwa. Vilevile uchafu huohuo unafika kwenye pampu ya vakyumu inayoisaidia breki, na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Magari yaliitwa kurudi gereji kwa ajili ya hiyo breki. Hebu fikiria pedali ngumu na watoto watatu nyuma.

Gari limetangazwa kwa picha ya mama, baba na watoto mbele ya shule, na safari ya shule ndiyo inayolimaliza. Wahandisi walijua familia inaendeshaje gari. Ratiba ya mwanzo ilisema belti inadumu miaka 10, baadaye kwa magari mengi ikashushwa hadi miaka 6 au km 100,000. Anayeshika kitabu cha zamani bado anaamini ana miaka minne mbele yake.

Kama unalo, au unataka kununua lililotumika, fanya hivi.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani kwa tochi. Belti inaonekana palepale. Mgongo wake uwe laini, usio na nyufa, kingo zisizo na nyuzi. Kuna kipimo maalumu cha plastiki kinachoingizwa kupitia tundu hilo: belti iliyovimba haipiti kwenye nafasi yake. Mwambie fundi akioneshe mbele yako, asikuletee jibu la mdomo. Vuta stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho bila mtu kuongeza, ondoka. Omba risiti za sevisi, mihuri pekee haitoshi, na risiti iandike namba ya oili. Kwa nyingi za hizi ni 0W-30 yenye kibali cha PSA (kundi la zamani la Peugeot na Citroën) B71 2312. Oili nyingine ya 0W-30 isiyo na kibali hicho si mbadala. Badilisha oili kila km 10,000 au kila mwaka, lolote litangulie, hata kama kompyuta ya gari inakwambia bado. Na mara moja kwa wiki litoe gari barabara kuu nusu saa, injini ipate moto kweli.

Belti ikibadilishwa, sampu lazima ishushwe. Hapa gereji nyingi zinaharibu. Wanafunga belti mpya, wanaacha vipande vya ile ya zamani kwenye chujio, baada ya miezi taa nyekundu ya oili inawaka kwenye kona, na mteja anaambiwa injini imekufa. Kazi kamili ni belti, chujio la pampu kusafishwa au kubadilishwa, vichujio vidogo vya valvu za taimingi kukaguliwa, pampu ya vakyumu kukaguliwa, filta na oili mpya. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapohapo. Usiseme "nifike nyumbani kwanza".

Machi 2024 Stellantis waliongeza dhamana ya tatizo hili hadi miaka 10 au km 175,000, na Januari 2025 wakafungua tovuti ya fidia kwa waliolipa wenyewe kati ya Januari 2022 na Machi 2024. Sawa, lakini sharti ni sevisi zilizofuata ratiba. Mwenye gari la mkono wa tatu, ambaye kitabu kilipotea kwa mmiliki wa kwanza, anaachwa na bili yake. Na huyo ndiye mwenye watoto wengi na pesa kidogo. Tangu 2023 toleo la hibridi la farasi 136 lina cheni badala ya belti. Kumbe iliwezekana!

Ford EcoBoost 1.0 ya kizazi cha kwanza nayo ina belti ndani ya oili, ratiba yake ilisema miaka 10 au km 240,000. Msiisubiri. Renault 1.2 TCe za 2012 hadi 2016 zinajulikana kwa kunywa oili, pima stiki kila unapojaza tenki.

Kia wanatoa dhamana ya miaka 7 au km 150,000 Ulaya nzima, na MG, jina la Kiingereza lililofilisika mwaka 2005 na leo liko mikononi mwa Wachina, wanatoa hivyohivyo. Chapa nyingi za Ulaya zimezoea kuishia miaka miwili. Mzazi anapiga hesabu, hahitaji kuwa mhandisi. Na hawa wa Ulaya ni watengenezaji walewale waliotoa Peugeot 504, iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978, na zile za safu tatu za viti zikabeba abiria Kenya nzima kwa miaka. Uwezo upo. Walichagua kuacha.

NYONGEZA: Mlioniuliza kuhusu kuagiza 3008 au 5008 ya Uingereza ipelekwe Mombasa. Msihesabu kwamba dhamana ile ya miaka 10 itawafuata, mmalize ukaguzi wa belti kabla gari halijapanda meli. Kama belti imepita miaka 6, ibadilishwe hukohuko na sampu ishushwe, mdai picha za chujio. Dizeli ya 1.5 BlueHDi au 2.0 haina belti ndani ya oili kwenye taimingi, ila hiyo nayo haipendi safari fupi, filta yake ya moshi huziba.

Wenye magari yanayoingiza viti vitatu vya watoto kwa mstari, wekeni hapa mfano, mwaka, upana wa sm mlioupima, na aina za viti mlivyofunga. Vipimo vya kwenye broshua msilete.