Tiba kwa mtindo wa kiwanda: ni mgonjwa yupi anafaa kupitishwa humo?

Mzee wa Isevya (Tabora)

Salaam kwenu nyote. Nimestaafu kazi ya daktari msaidizi baada ya kutumikia hospitali kadhaa za mkoa huu, na ninapenda kuuliza jambo ambalo sisi wa rika langu hulizungumza kwa kulalamika tu bila kulifikisha mwisho. Zamani mtu mmoja alimsikiliza mgonjwa, akamkagua, akaitazama damu yake kwenye hadubini ikiwa mtu wa maabara hayupo, akampasua ikibidi, na asubuhi akampitia wodini. Siku hizi mgonjwa huanzia mapokezi, akaenda dirisha la bima, akapimwa presha na uzito, akamwona tabibu, akatumwa maabara, akarudi kwa tabibu ambaye pengine si yule wa mwanzo, kisha akamalizia dirisha la dawa. Kila aliyemgusa amefanya kazi yake ipasavyo, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba huyu ni mgonjwa wangu.

Sisemi kwamba ya kale yote yalikuwa dhahabu. Katika ukanda wetu wa magharibi mfano mkubwa wa ufundi wa mtu mmoja ni Adrian Atiman, aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akasomea udaktari Malta, kisha akatibu watu pale Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Ni sifa kubwa, lakini ufundi wa namna hiyo huondoka na mwenyewe, wala huwezi kuagiza Atiman mmoja kwa kila kata.

Kwa hiyo swali langu si kama tiba igeuke kiwanda au isigeuke, maana imekwisha kugeuka. Nauliza: kazi zipi za tiba zinafaa kufanywa kwa wingi, kwa hatua zilizopangwa na kwa watu waliogawana majukumu, na zipi huharibika zikifanywa hivyo?

Muuguzi wa Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, naomba nianze na wewe mwenyewe, kwa sababu kada yako ni zao la kiwanda hicho unachokihoji. Mafunzo ya madaktari wasaidizi yalianza nchini mwaka 1963, kwa kuwa taifa lisingeweza kungoja hadi lipate madaktari wa shahada wa kutosha. Upasuaji wa dharura wa uzazi ukatolewa mikononi mwa wachache, ukafundishwa hatua kwa hatua kwa watu wenye elimu ya utabibu, na wilaya zikapata wapasuaji. Waliokuwa na mashaka walijibiwa na utafiti uliofanyika katika hospitali za Mwanza na hapa kwetu Kigoma, ukaangalia upasuaji wa mwaka 2006 na kuchapishwa mwaka 2009: kati ya kazi ya madaktari wasaidizi na ile ya madaktari wa shahada haikuonekana tofauti ya maana, si katika matokeo wala katika ubora.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, na naona faida ya utaratibu kila siku. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji kama Seattle, London, Manila na New Delhi, na mojawapo ilikuwa Ifakara. Vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna dawa mpya iliyoongezwa wala mtambo uliojengwa. Watu walikubaliana tu kuuliza maswali yaleyale kwa kila mgonjwa, hata yule ambaye kila mtu anadhani anamjua.

Wapo wapasuaji wanaoudhika wakiambiwa na muuguzi wasubiri mpaka vitambaa vya kufutia damu vihesabiwe. Huo nao ni ufundi wa mtu mmoja, na mimi siulilii.

Mhasibu wa Kanyenye

Mzee, umeuliza swali la udaktari, lakini nusu ya jibu lake ni la fedha. Huko Madurai, India, daktari wa macho Govindappa Venkataswamy alianzisha hospitali ya Aravind mwaka 1976 akiwa mstaafu kama wewe, vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi, na vitanda alivyoanza navyo ni 11. Alichokibuni ni mpangilio. Meza mbili za upasuaji huwekwa sambamba, na daktari anapomaliza jicho la mgonjwa wa kwanza, wa pili amekwisha kusafishwa na kutiwa ganzi, hivyo daktari hugeuka tu na kuendelea. Kazi zote zisizohitaji mkono wa daktari hufanywa na wasichana wa vijijini waliofundishwa kila mmoja sehemu yake. Kwa njia hiyo mpasuaji mmoja huweza kufanya upasuaji wa mtoto wa jicho takriban 2,000 kwa mwaka, na fedha za wanaolipa huwatosha pia wengi wasio na uwezo. Lenzi za kupandikiza zilipokuwa ghali mno, mwaka 1992 walianzisha kiwanda cha kuzitengeneza wenyewe, na bei ikaanguka.

Ufundi wa mtu mmoja, hata uwe mtamu namna gani, hauwezi kushusha bei kiasi hicho. Hata hivyo, wanaotaka kuiga Madurai hapa wasisahau kwamba kiwanda hula wingi. Aravind hutuma timu vijijini kuwapima watu na kuwaleta hospitali kwa basi. Mkoa wetu ni mpana na watu wake wametawanyika, na mgonjwa wa Kaliua ndani au Sikonge anaweza kutumia nauli inayozidi gharama ya matibabu yenyewe. Ukinunua meza mbili bila kupanga basi, utakuwa na meza mbili tupu.

Binti Kasulu

Nimewasoma kwa makini, na naona mifano yenu yote inafanana: upasuaji wa uzazi, mtoto wa jicho, vitambaa vya kuhesabu. Katika kila mfano ugonjwa umekwisha kujulikana kabla mgonjwa hajaingia mlangoni.

Mama yangu ana kisukari na presha, na miguu yake imeanza kufa ganzi. Katika kliniki anayohudhuria, ambayo sitaitaja, kila akienda hukutana na tabibu mwingine. Mmoja aliongeza dawa ya presha kwa sababu kipimo cha siku ile kilikuwa juu, na aliyefuata akaipunguza kwa sababu mama alilalamika kizunguzungu. Hakuna aliyemuuliza kama dawa alizinywa, na ukweli ni kwamba alikuwa akizigawa nusu ili zifike mwisho wa mwezi. Kila mmoja wao alifuata mwongozo, na simlaumu yeyote, lakini jambo lile mama angeweza kumwambia tu mtu aliyemzoea. Si suala la kubembelezwa. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 22 kutoka nchi tisa kuhusu wagonjwa wanaoonana na daktari yuleyule kwa muda mrefu, na 18 kati ya hizo zilionyesha kwamba vifo miongoni mwao ni vichache zaidi.

Tena Ndugu Mhasibu hakutaja upande wa pili wa viwanda hivi. Kule Ontario, Kanada, kuna hospitali ya Shouldice, iliyoanzishwa mwaka 1945, ambayo kazi yake ni ngiri peke yake, na sifa zake ni za kweli. Lakini mtu mnene huambiwa apunguze uzito kwanza, na mwenye maradhi mengine mazito huweza kukataliwa. Kiwanda huchagua malighafi yake. Wanaobaki hupelekwa hospitali ya kawaida, ambayo baadaye tunaishutumu kwamba ina gharama kubwa na matokeo mabaya.

Mhasibu wa Kanyenye

Hoja ya Shouldice naikubali bila ubishi. Hiyo ya tabibu mmoja kwa mgonjwa mmoja naiona ngumu, kwa sababu tabibu huhamishwa, huenda masomoni, hujifungua. Faili la kompyuta angalau halihami.

Binti Kasulu

Faili halihami, lakini linaandika yaliyoulizwa tu.

Mzee wa Isevya (Tabora)

Nawashukuru. Muuguzi, marahaba, na umenipata pale penyewe. Niseme ninavyoliona sasa. Mahali ambapo ugonjwa umekwisha kujulikana na njia yake imenyooka, kiwanda kishike kazi, na mafundi wa zamani tusione wivu. Mahali ambapo bado haijulikani mtu anaumwa nini, au ana maradhi matatu yanayogombana, anahitajika mtu wa kuketi naye. Kosa letu ni kuwapanga wote hawa foleni moja na kuwapa dakika sawa.

Kinachonishangaza zaidi ni nani tunayemweka mlangoni. Kiwanda chenye akili kingemweka mwenye uzoefu mkubwa pale mgonjwa anapofikia, kwa kuwa hapo ndipo inapoamuliwa apite njia ipi. Sisi hufanya kinyume: kijana aliyetoka chuoni juzi ndiye hupewa chumba namba moja na watu wote wa asubuhi, na bingwa hukaa ndani akingoja waliokwisha kupotezwa njia. Je, kuna mahali mmeona ikifanyika vinginevyo?

Muuguzi wa Ujiji

Kwa wagonjwa wa nje sijaona, mzee. Wodi ya wazazi ndiyo iliyokaribia. Zamu niliyopangiwa kabla ya kuhamia upasuaji, mkunga mzee kuliko wote ndiye aliyekuwa akipokea kila mama anayeingia, akimkagua mwenyewe na kuamua nani abaki kwa wakunga vijana na patografu yao, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa uzazi, na nani aitiwe daktari mara moja. Halikuwa agizo la wizara. Yeye mwenyewe alikataa kukaa ofisini. Alipostaafu, kiti kile kilirudi kwa yeyote aliyepo zamu.

Binti Kasulu

Basi hilo ndilo la kupeleka kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, kwa sababu halihitaji bajeti. Ratiba ya zamu hupangwa na mganga mfawidhi, naye anaweza kuibadilisha mwezi ujao akitaka. Kwa kliniki ya sukari nitaomba jambo dogo zaidi: wagonjwa wa kijiji kimoja wapangiwe siku moja na tabibu mmoja, angalau kwa mwaka, hadi atakapohamishwa.