Naomba ushauri: taa ya kuyeyushia mshumaa wa manukato

Habari zenu wakuu. Mama ana pumu, hivyo chetezo na udi nimeviweka kabatini. Dada kaniletea kutoka Marekani taa ya kuyeyushia mshumaa: balbu inaupasha joto kutoka juu, hakuna moto wala masizi. Shida, imeandikwa volti 120, wati 50, na umeme wetu hapa Dar ni 230. Nikibadili balbu tu inatosha, au ile swichi ya kupunguza mwanga nayo itaungua? Ninunue transfoma?

Halafu nasikia nta haipungui ila harufu inaisha. Mnamwaga ya juu iliyoyeyuka au mnatupa mshumaa mzima? Bei yake si mchezo jamani. Na mwenye pumu, harufu yenyewe haimsumbui hata bila moshi?